Daftari Lililokaa Kwenye Kaveera: Kisa cha Mama wa Busia na Tumbo Lililoshikana

Mgonjwa wa kisa hiki alikuwa na umri wa miaka 31 alipoingia katika kliniki ninayofanyia kazi, mwezi wa Julai 2023. Ni mchuuzi wa mukene, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria ambao majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka huwaita omena, na kwa miaka mingi amekuwa akiwafuata Majanji kwa magunia na kuwauza Busia kwa vikombe. Jina lake nimelihifadhi kwa makubaliano naye. Ninaandika kisa chake kwa sababu maelezo ya maumivu yake yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa wino tangu mwaka 2021, na yeye mwenyewe alikuwa akitembea nayo mkononi kutoka duka moja la dawa hadi jingine bila yeyote kuyasoma.

"Daktari, mimi ni mtu wa alsa," alisema kabla sijamwuliza neno. Kwetu Uganda maumivu yoyote yaliyo kati ya kifua na nyonga huanza kwa jina hilo la vidonda vya tumbo, na mara nyingi huishia hapo hapo. Akamimina mezani vilivyokuwa ndani ya kaveera yake, yaani mfuko wa plastiki: karatasi za omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, zilizokwisha vidonge, diklofenaki za maumivu za kununua rejareja, tramadoli chache zilizofungwa katika kipande cha gazeti, majibu matatu ya taifodi, jibu moja la kipimo cha bakteria wa tumbo, na ripoti mbili za ultrasaundi zilizosema kuwa kila kitu kiko sawa. Chini kabisa lilikuwapo daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, ambalo wagonjwa wetu hulinunua ili waandikiwe humo matibabu. Sikulifungua siku hiyo mara moja. Ninalisema hili kwa sababu ni kosa langu pia: nilianza na ripoti za mashine.

Nilipomwomba aeleze maumivu yenyewe bila kuyapa jina, alieleza mambo mawili yaliyo tofauti. Kulikuwa na maumivu ya kila siku, ya kuvuta, kana kwamba kuna kamba iliyofungwa kitovuni na kushikwa na mtu aliye upande wa nyonga ya kulia. Hayo yalizidi anapoinua gunia, anapogeuka kitandani, au anapokaa kwa muda mrefu ndani ya matatu ya kutoka Majanji. Kisha kulikuwa na yale aliyoyaita "ya usiku," ambayo yalimjia mara mbili au tatu kwa mwezi, hasa baada ya kula chakula kingi cha jioni: tumbo lilijaa, likanguruma, maumivu yakapanda kama wimbi na kushuka na kupanda tena, kichefuchefu kikamshika, na baada ya saa nne au tano upepo ukapita na yote yakaisha kama hayakuwapo. Katika saa hizo mkao mmoja tu ulimpa nafuu, nao ni kupiga magoti sakafuni na kulaza kifua juu ya gunia la mukene lililojaa nusu, makalio yakiwa juu. Jirani yake Mwislamu, aliyemwona hivyo alfajiri kupitia mlango uliokuwa wazi, alidhani amesilimu na yuko katika sijida. Alicheka aliponisimulia, kisha akashika tumbo, kwa kuwa kucheka nako kulimwuma.

Nilipomlaza ili nimpime, niliona makovu mawili. La kwanza lilishuka wima kutoka juu ya kitovu hadi chini yake, pana, lenye mikunjo, ishara kwamba kidonda kilitunga usaha kabla ya kupona. La pili lilikuwa la mlalo, jembamba na safi, juu kidogo ya mfupa wa kinena. Nikauliza swali ambalo, kwa maelezo yake, hakuna aliyemwuliza katika miaka mitano ya kununua dawa za alsa: ulipasuliwa kwa ajili ya nini?

Mwaka 2014, akiwa na miaka 22, kidole tumbo chake kilipasuka baada ya siku tatu za kukaa nyumbani akinywa dawa za maumivu. Alifunguliwa tumbo, usaha ukaoshwa, akalala wodini siku 12. Mwaka 2017 mtoto wake alikuwa amelala kwa kukingama, akazaliwa kwa upasuaji, na mpasuaji akamwambia kwa kupita tu kwamba "tumbo lako gumu, mama, tumechelewa kufika ndani." Maumivu ya kuvuta yalianza mwaka uliofuata. Mwaka 2021 alitapika siku nzima maji ya kijani, akafikishwa katika hospitali moja ambako aliwekewa mpira puani na dripu mkononi, akazuiwa kula, na siku ya nne tumbo likafunguka lenyewe. Aliambiwa utumbo ulikuwa umejikunja na sasa umejikunjua, arudi nyumbani. Mama mkwe wake, ambaye ndiye aliyemwuguza, alirudi na maelezo yake mwenyewe, kwamba mtoto wa watu amelishwa sumu sokoni na washindani wa biashara.

Ndipo nilipofungua daftari. Ukurasa wa ruhusa ya kutoka hospitali ya mwaka 2021 ulikuwa na mistari minne ya Kiingereza yenye mwandiko mzuri, ikisema kwamba utumbo mwembamba uliziba kwa sababu ya makovu yaliyoshikanisha matumbo baada ya upasuaji wa awali, na kwamba mgonjwa ametibiwa bila kupasuliwa. Mgonjwa aliishia darasa la tano na anazungumza Kisamia, Kiswahili na Kiganda cha sokoni. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sijawahi kuona ruhusa ya hospitali hata moja iliyoandikwa kwa lugha hiyo, wala kwa Kisamia, na tabibu anayesema utumbo "umejikunjua" huku akiandika jambo jingine kabisa amempa mgonjwa habari mbili, moja ya kweli asiyoweza kuisoma na nyingine nyepesi asiyoweza kuifanyia kazi.

Jambo lenyewe linaelezeka kwa maneno ya kawaida. Sehemu ya ndani ya tumbo na uso wa matumbo vimefunikwa na utando laini, wenye unyevu, unaoyawezesha matumbo kuteleza moja juu ya jingine kila mtu anapokula, anapopumua na anapogeuka. Utando huo ukijeruhiwa kwa kisu, kwa usaha, kwa damu iliyobaki, kwa uzi wa kushonea au hata kwa kukauka hewani wakati wa upasuaji, ndani ya saa chache mwili humwaga juu ya jeraha protini yenye kunata iitwayo fibrini, ileile inayogandisha damu. Kwa kawaida mwili huiyeyusha fibrini hiyo katika siku chache. Isipoyeyuka, seli za kutengeneza kovu huingia ndani yake, huweka nyuzi za kolajeni, mishipa midogo ya damu huota, na kile kilichokuwa gundi laini huwa mkanda wa kudumu unaounganisha utumbo na utumbo, au utumbo na ukuta wa tumbo, au mfuko wa uzazi na kibofu. Kufikia wiki moja hivi, njia imekwisha kuchaguliwa. Watu wengi mno waliofunguliwa tumbo wanayo mikanda ya namna hii, na walio wengi kati yao hawasikii chochote maishani. Unga uliokuwa ukipakwa ndani ya glavu za upasuaji ulichangia pia, na ndiyo mojawapo ya sababu zilizoifanya Marekani kupiga marufuku glavu zenye unga mwaka 2017.

Ukubwa wa mzigo huo ulionekana wazi katika utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 1999, uliofuatilia kwa miaka 10 watu waliopasuliwa tumbo au nyonga mwaka 1986: takriban mmoja kati ya watatu alirudishwa hospitali, kwa wastani mara mbili, kwa sababu zilizohusiana au zilizoweza kuhusiana na makovu hayo, au kwa upasuaji mwingine ambao makovu yangeweza kuutatiza. Mgonjwa wangu, aliyekuwa na usaha tumboni na kisha kupasuliwa tena baada ya miaka mitatu, alikuwa na kila sababu ya kuwa miongoni mwao.

Swali lililomkera zaidi lilikuwa la zile ultrasaundi. "Nimelipa mara mbili, na mara mbili wananiambia sina kitu. Sasa mimi ni mwongo?" Nilimjibu kwamba mkanda wa kovu ni mwembamba, una rangi na uzito sawa na nyama inayouzunguka, kwa hiyo ultrasaundi ya kawaida na hata sitii skani huupita bila kuuona, kinachoonekana ni matokeo yake, yaani utumbo uliovimba nyuma ya mahali palipobanwa, na hilo huonekana siku ya kuziba tu. Anayepigwa picha siku tulivu hupewa picha tulivu. Uthibitisho kamili hupatikana kwa kuingiza kamera ndani ya tumbo, nao ni upasuaji wenyewe.

Hata hivyo, nilikuwa na wajibu wa kutouamini mwandiko mzuri moja kwa moja. Katika eneo letu kifua kikuu cha tumbo huweza kufanana na hali hii, kwa hiyo nilimwuliza juu ya homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, nikatafuta maji tumboni, na vipimo vyake vya Virusi vya Ukimwi na makohozi havikuonyesha tatizo. Niliangalia kama kuna henia, yaani ngiri, katika kovu la wima, nikamsimamisha na kumkohoza, haikuwapo. Mimba haikuwapo, mkojo ulikuwa safi.

Kipimo kilichobadilisha mwelekeo wa kisa hiki hakigharimu shilingi hata moja. Mpasuaji Mmarekani John Carnett alikieleza mwaka 1926, na bado wengi wetu tunakisahau. Nilimwomba anionyeshe kwa kidole kimoja mahali panapouma kuliko pote, naye akaweka ncha ya kidole, bila kusita, pembeni ya mwisho wa chini wa kovu la wima, upande wa kulia. Nikabonyeza pale, akakunja uso. Kisha, kidole changu kikiwa pale pale, nikamwomba anyanyue kichwa na mabega bila kutumia mikono. Maumivu yanayotoka ndani ya tumbo mara nyingi hupungua katika hali hiyo, kwa kuwa misuli iliyokazwa huyakinga matumbo na kidole. Yanayotoka katika ukuta wenyewe huzidi. Yake yalizidi kiasi kwamba alinishika kiganja na kukisukuma. Kwa hiyo sehemu ya ile "kamba" haikuwa makovu ya ndani hata kidogo: ilikuwa neva ndogo ya ukuta wa tumbo iliyonaswa kwenye kovu la nje. Nilichoma sindano ya lignokaini, dawa ya ganzi, mahali pale, pana ukubwa wa sarafu, na baada ya dakika kumi akainuka, akageuka kushoto na kulia juu ya kitanda, akakaa kimya akilisikiliza tumbo lake.

Ninakaa juu ya jambo hili kwa sababu neno "makovu ya ndani," likishatamkwa, huwa kapu la kutupia kila maumivu, kama ilivyokuwa "alsa" kabla yake. Mama huyu alikuwa na maumivu ya aina mbili, na moja kati yake ilitibika katika kliniki ndogo. Sindano ilirudiwa mara mbili zaidi, safari hizo pamoja na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na kufikia Oktoba maumivu ya kila siku yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu kwa hesabu yake mwenyewe. Yale ya usiku hayakuguswa na sindano, wala sikuyatarajia kuguswa.

Familia ilikuwa na mpango tofauti. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa amekopa katika kikundi cha akiba fedha za kumpeleka Kampala "akakatwe hizo kamba zote ziishe." Ni wazo ambalo mtu yeyote angekuwa nalo, na niliwapa barua ya kwenda kwa mpasuaji badala ya kubishana. Mpasuaji alikataa, na aliwaeleza sababu kwa subira ambayo natamani ningekuwa nayo. Kila kisu kinachoingia kukata makovu huacha majeraha mapya juu ya utando uleule, na majeraha hayo hushikana tena. Kuna pia hatari ya kuutoboa utumbo ulionata. Kuhusu maumivu, Uholanzi ilitoa jibu mwaka 2003 kwa jaribio la wagonjwa 100 wenye maumivu ya muda mrefu na makovu yaliyoonekana kwa kamera: takriban nusu walikatwa makovu, nusu wakaangaliwa tu na kufungwa, bila wao kujua nani yuko wapi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na hapakuwa na tofauti kati yao. Walipofuatiliwa kwa miaka 12, waliokatwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi na upasuaji mwingine mwingi zaidi. Kisu, alisema mpasuaji, kinangoja siku utumbo utakapoziba na kukataa kufunguka. Mama mkwe aliuliza tu, "Sasa tumekuja Kampala kufanya nini?" Nauli ilikuwa imekwenda, lakini deni la upasuaji halikuchukuliwa, na mimi huihesabu safari ile kuwa sehemu ya matibabu.

Dawa tulizipunguza kabla ya kuongeza. Diklofenaki, aliyoinywa kila siku kwa miaka, ndiyo iliyokuwa ikimchoma kifuani na kumthibitishia kwamba ana alsa. Tuliiacha, na mchomo ukaisha. Tramadoli, kama dawa zote za jamii ya mofini, hulaza mwendo wa utumbo, na utumbo ambao tayari unapita katika tundu jembamba hauhitaji kulazwa. Aliniuliza juu ya mofini ya maji, kwa kuwa shangazi yake mwenye saratani aliipata bure. Uganda inasifika kwa hilo tangu huduma ya hospisi ilipoanza nchini mwaka 1993. Nilimweleza kwamba ni dawa njema kwa maradhi ya shangazi na dawa mbaya kwa tumbo lake. Nilimwanzishia amitriptilini kwa kiwango cha chini kabisa usiku, kwa ajili ya neva zilizozoea kulia, huku nikimwangalia kwa karibu kwa sababu nayo huweza kufunga choo. Parasetamoli ilibaki kwa siku mbaya.

Chakula kilikuwa na mgogoro wake. Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi Lira na kisha hospitali ya Mulago, Kampala, kuanzia miaka ya 1940, aliufundisha ulimwengu kula makapi na nyuzi kwa kutazama afya ya matumbo ya Waafrika, na kila mhudumu wa afya kwetu huimba wimbo huo. Kwa wagonjwa wengi ni sahihi. Kwa utumbo uliobanwa, mahindi ya kuchoma, miwa, nyuzi za embe, ngozi za machungwa na vipande vya fenesi vilivyomezwa bila kutafunwa vinaweza kuwa ndicho kizibo. Tulihesabu pamoja usiku wake mbaya wa miezi mitatu, na zaidi ya nusu ulifuata mahindi au fenesi. Akabaki na matoke yaliyoiva hadi kulainika, posho, yaani ugali, viazi vilivyomenywa, mchuzi wa karanga na mukene wake mwenyewe waliosagwa kuwa unga, milo midogo mitano badala ya mmoja mkubwa wa saa tatu usiku, na siku tumbo linaponguruma, uji na mchuzi pekee. Magunia aliyagawa: kilo zilezile katika mifuko mitatu, ingawa wachukuzi wa Majanji walimtoza zaidi.

Jambo nililolirudia katika kila ziara, mpaka mume wake akalikariri, ni tofauti kati ya usiku wa kawaida na siku ya hatari. Usiku wa kawaida huisha kwa upepo kupita. Ikiwa amepita saa sita bila upepo wala choo huku tumbo likivimba, ikiwa matapishi yamekuwa ya kijani au yenye harufu ya kinyesi, ikiwa maumivu yameacha kupanda na kushuka yakakaa mahali pamoja bila kupumzika, au homa imeingia, asinywe mafuta ya nyonyo, asipewe dawa ya kuharisha wala dawa yoyote ya kienyeji ya kusafisha tumbo. Asile, na boda iitwe saa hiyo hiyo, kwa sababu utumbo uliokabwa hufa kwa muda wa saa chache. Afikie hospitali yenye mpasuaji, na daftari liwe mkononi. Katika ukurasa wa kwanza niliandika kwa Kiingereza upasuaji wake wote na tarehe zake, na chini yake, kwa Kiswahili, maneno yaleyale.

Mwaka 2024 alilazwa mara moja, siku mbili, mpira puani, bila kisu. Tabibu wa zamu alisoma ukurasa wa kwanza, wala hakuna aliyetaja taifodi.

Mara ya mwisho alipokuja alikuwa na mimba ya miezi mitano, jambo tulilohofia huenda lisitokee, kwa kuwa makovu ya aina hii huweza kuifunga mirija ya uzazi. Tumeacha amitriptilini kwa kupunguza taratibu. Mfuko wa uzazi unapopanda huyavuta matumbo yaliyoshikana, na hatari ya kuziba huongezeka katika miezi ijayo, huku kutapika na kuvimba tumbo vikiwa rahisi kudhaniwa kuwa ni mimba yenyewe. Nimeiandikia hospitali atakakojifungulia kwamba kibofu na matumbo huenda vimenata kwenye kovu la 2017, damu iwekwe tayari, na mpasuaji mzoefu awepo mchana. Gunia la kulalia kifua amelibadilisha kwa mto, kwa sababu, alisema, harufu ya mukene sasa inamtapisha.